Shingo ya Gitaa la Sekela

Siku ya soko, stendi ya Mbeya ilijaa watu, magunia ya maharage na kuku waliofungwa miguu. Katika zogo hilo dereva wa lori Isakwisa alimwona msichana mwenye gauni la bluu na kola nyeupe akigombana na utingo wa basi. Mgongoni alibeba gitaa kubwa la besi, lile la nyuzi nne, limefungwa kwa kanga.

"Dude hili likae juu na magunia," alisema utingo.

"Basi na mimi nipandishe juu na magunia."

Isakwisa akacheka, akamfungulia mlango wa lori lake. "Dada, njoo ukae mbele. Gitaa litakaa katikati, lituamue tukigombana."

"Tugombane nini? Hata sikujui."

"Utanijua kabla hatujafika Igurusi."

Na kweli walipofika Igurusi, alikokuwa anakwenda msichana kwa shangazi yake, alikuwa amekwisha kumcheka dereva mara nne. Jina lake lilikuwa Sekela. Alishona nguo kwenye baraza ya duka moja mjini, na Jumamosi alasiri alipiga besi katika Bendi ya Loleza, mwanamke peke yake kati ya wanaume sita. Huo ulikuwa mwaka 1957, mwezi wa pili. Kufika Pasaka, Mbeya nzima ilijua kwamba wanapendana.

Isakwisa alikuwa na ugonjwa mmoja tu, wivu. Mtu akilisifu gauni la Sekela, aliuliza ni nani huyo na anakaa wapi. Sekela akicheka na Lutengano, kiongozi wa bendi, Isakwisa alinuna siku mbili.

"Gwe Isakwisa," Sekela alimtania, "hata cherehani unaionea wivu?"

"Inakaa na wewe kutwa, mama. Mimi je?"

Mwezi wa sita gitaa la bendi likapasuka. Baba yake Sekela, Mzee Andendekisye, akakubali kumlipia binti yake gitaa la kwake mwenyewe. Waliambiwa yuko fundi hodari Kihesa, Iringa, aitwaye Didas. Isakwisa akampeleka kwa lori.

Didas alikuwa kijana mrefu, vumbi la mbao hadi kwenye nyusi. "Kamwene," aliwasalimu, akamgeukia Sekela. "Nipe mkono wa kushoto." Akautandaza juu ya rula. "La zamani lilikuwa linakuumiza wapi?"

"Hapa, chini ya dole gumba. Nikipiga nyimbo tatu, mkono unakufa ganzi."

"Shingo ilikuwa pana. Lilitengenezwa kwa mkono wa mchimba dhahabu wa Chunya, siyo kwa mkono huu."

Sekela akacheka. Isakwisa, aliyesimama mlangoni, aliona rula imekwisha kuwekwa mezani na mkono wa Sekela bado uko kwa fundi.

Didas akampa Sekela vipande vitatu vya mti, kila kimoja mfano wa shingo ya gitaa, kimevutwa nyuzi nne. Chenye alama moja kilikuwa chembamba, chenye alama mbili cha kati, chenye alama tatu kipana.

"Usichague kwa macho," alisema. "Kaa navyo wiki nzima. Nyuzi zikibanana, kidole kimoja kitagusa mbili. Zikiachana mno, mkono utachoka kuzifuata. Kile utakachosahau kuwa umekishika, hicho ndicho chako. Kifunge uzi, unirudishie vyote."

Wiki nzima Sekela alishona huku vipande viko mapajani, vidole vikitembea juu yake kila cherehani iliposimama. Chembamba kilimbana. Kipana kilimuuma. Siku ya tano alijikuta anaongea na mteja kwa muda mrefu, mkono umeshika kile cha alama mbili wala hana habari. Akakifunga uzi mwekundu, akaviviringisha vyote katika kitambaa, akampa Isakwisa.

"Mpe Didas mkononi, kipenzi. Mwambie nimekisahau kabisa, kama alivyosema."

Kama alivyosema! Maneno hayo yalimchoma Isakwisa njia nzima. Makambako akasimamisha lori, akafungua kitambaa kutafuta barua. Hakukuta barua. Alikuta uzi mwekundu tu, umefungwa kwa upole, na upole ule ukamuuma kuliko barua. Akaufungua kwenye alama mbili, akaufunga kwenye alama tatu. Sekela na aichukie kazi ya fundi, alijiambia, amchukie na fundi mwenyewe.

Gitaa lilikuja mwezi wa saba, la mninga, linang'aa kama chai. Lilifika Jumamosi, ukumbi wa dansi umekwisha kujaa, Sekela hakupata muda wa kulijaribu. Wimbo wa pili vidole vya Sekela vikaanza kuchelewa. Wimbo wa tatu vikakwama kabisa, na wachezaji wakasimama wakamtazama.

"Dada, mpe Yohane amalizie," alisema Lutengano, akimwashiria mmoja wa wanabendi.

Sekela akaketi kwenye benchi mbele za watu, mikono ameificha kwapani. Isakwisa alingoja furaha aliyoitarajia. Haikuja. Hata hivyo akamwendea.

"Si nilijua? Yule fundi kazi yake kushika mikono ya wanawake tu."

Sekela alikuwa analia.

Jumatatu aliomba kutumia simu ya dukani, akapiga Iringa, kwenye ghala la mbao ambako Didas alishinda asubuhi.

"Didas! Kwa nini umenifanyia hivi?"

"Sekela? Sema kwa nguvu, simu inakwaruza!"

"Shingo ni pana! Nimeaibika!"

"Hata mimi nilishangaa. Lakini uzi mwekundu ulikuwa kwenye alama tatu." Simu ikakwaruza. "Sekela? Upo?"

"Nipo," alisema polepole. "Kwenye alama tatu."

Mchana Isakwisa alipofika barazani, Sekela hakusimamisha cherehani. "Ulifungua kitambaa?"

Isakwisa alikuwa na uongo tayari, wa utingo na wa barabara mbovu. Akauacha. "Nilifungua. Nikauhamisha uzi. Ni wivu, mama. Nilimwona anavyokushika..."

"Alinishika anipime. Wewe umenishika miezi mitano hujauliza mkono wangu unauma wapi. Yeye kauliza siku ya kwanza. Ondoka barazani kwangu."

Wiki tatu hawakusemeshana. Ndipo Isakwisa akaenda Kihesa peke yake, akamweleza Didas yote. Fundi akaweka randa chini.

"Natamani kukupiga."

"Nipige."

"Nikikupiga shingo itapungua? Mlete yeye na gitaa lake. Lakini nakuambia wazi, kaka, nitamwomba awe wangu. Usipomleta, nitamfuata Mbeya."

Isakwisa alirudi, akamwambia Sekela kila neno, na hilo pia.

"Na bado utanipeleka?" Sekela aliuliza.

"Nitakupeleka."

Siku hiyo Isakwisa alikaa nje, kwenye gogo. Alisikia randa ikipunguza shingo, nyuzi zikisogezwa karibu, kisha besi ikinguruma wimbo mzima bila kukatika. Halafu sauti ya Didas, chini chini. Miguu yake ilitaka kuinuka. Akaikataza.

Sekela alitoka na gitaa, akapanda lori. Waliteremka mlima hadi Ipogolo ndipo Isakwisa akathubutu.

"Amekuomba?"

"Ameniomba. Nimemwambia moyo wangu uko kwa mtu mbaya. Akacheka, kisha akarudi kwenye randa yake. Nimemhurumia."

"Basi nikuoe, Sekela."

"Baba ndiye aliyeninunulia gitaa hili. Nenda ukamwambie ulichofanya, kwa mdomo wako, si wa mshenga. Akikufukuza, na mimi nimekufukuza."

Jumapili baada ya kanisa, Isakwisa alisimama mbele ya Mzee Andendekisye, kofia mkononi, akasema yote. Mzee alimsikiliza hadi mwisho.

"Mwanangu alilia siku ile. Uliona?"

"Niliona, baba."

"Sasa wivu umekwisha?"

"Haujaisha. Sikuja kukudanganya. Ukinishika nitamwambia yeye mwenyewe. Sitauficha tena katika vitu vyake."

Mzee akageuza uso kuelekea mlangoni, ambako pazia lilikuwa likitikisika bila upepo.

"Sekela!" aliita. "Mgeni wako amesimama tangu alipofika. Mletee kiti."