Santuri ya Nereah Athieno

Jua lilikuwa linazama nilipofika nyumbani Busia kutoka soko la Tororo, kikapuni samaki waliobaki, na juu yao santuri niliyomnunulia Nangila, mwanangu wa pekee. Uhuru ulikuwa bado mpya, na kila mwenye gramofoni aliitaka santuri hiyo: hadithi ya watoto iliyosimuliwa na Nereah Athieno, binti wa kijijini Mukuju aliyewaliza watu wazima kwenye majukwaa ya Kampala. Jaladani alikuwa amejipaka poda, anacheka. Nilijiona mama wa kisasa, na maringo sikuyaficha.

Mama mkwe wangu, Benedeta, alisema hadithi haitoki kwenye sahani. Nikamjibu kwamba ya kale hayapo.

Nikazungusha hendeli, nikashusha sindano.

Krr... krr... krr...

Sauti ilikuwa tamu, lazima niseme. Ilisimulia juu ya kunguru bubu aliyepita nyumba kwa nyumba akiomba sauti. Kila mara kunguru alipofika mlangoni, Nereah aliuliza, "Wanangu, mpo?" Kisha akanyamaza, ili watoto waitike.

Kwetu, kutomwitikia msimulizi ni kumtukana. Lakini kwetu pia, giza likianza kuingia, sauti ambayo mwenyewe humwoni haiitikiwi. Mtoto hufundishwa hilo mapema sana. Nangila akaniangalia, hajui ashike lipi.

"Kukhu alisema tusiitike," akanong'ona.

Nikacheka. Nikamwambia kwamba bibi yake anaogopa hata treni.

"Itika, mwanangu. Ni sahani tu."

Santuri ikauliza tena. "Mpo?"

"Nipo," akasema Nangila.

Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu kuliko vile vya kwanza. Chumba kikanuka poda... poda ya uso iliyochanganyika na jasho. Mimi sikuwa na poda. Kisha Nereah akasema, polepole, kama mtu anayeonja mchuzi:

"Nangila."

Benedeta akaruka, akaing'oa sindano. Lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Nilimwita mwanangu. Alifungua mdomo. Nikaona ulimi ukihangaika, koo likipanda na kushuka.

Hakikutoka kitu.

Kulipokucha nilirudi Tororo kwa Ebong, aliyeniuzia. Sikumsalimu. Naye hakuinua macho. Alisema zamani alikuwa mpiga ngoma wa Nereah, na kwamba ugonjwa ulikuwa umeshamla koo kabla hadithi hiyo haijarekodiwa.

"Mama, aliingia studio bubu kabisa. Mimi nilikuwa hapo. Alisimama tu mbele ya maikrofoni, mdomo wazi. Hakutoa neno."

"Basi nani alisimulia?"

Ebong akaanza kufunga duka, na jua bado la asubuhi. Nikamuuliza kama watoto wake mwenyewe wameisikia.

"Mimi nyumbani sina gramofoni," akasema.

Nilimchukia mtu yule, na hadi leo namchukia. Nikarudi mbio kuivunja santuri. Benedeta akanishika mkono. Alikuwa ameisikiliza nilipokuwa safarini, na macho yake yalikuwa mekundu. Akanitaka niisikilize kwanza.

Kunguru akafika mlangoni. "Wanangu, mpo?"

"Nipo," ikaitika santuri.

Ilikuwa sauti ya Nangila, ile ile yenye kicheko ndani yake. Ningeivunja vipi? Na mwisho wa hadithi, pale palipokuwa na mkwaruzo tu, ikaita:

"Mama? Mama, upo?"

Kisha kimya... kimya kirefu cha kungojea.

Tangu siku hiyo, kila jioni Nangila huzungusha hendeli mwenyewe. Hukaa mkekani, mdomo ameufumba, na haitazami gramofoni. Hunitazama mimi. Santuri ikiita, machozi humtoka kwa kuwa siitiki, na mimi moyo hunichanika, maana ni mtoto wangu anayeniita. Kila jioni Benedeta alikuwa akiniziba mdomo kwa kiganja chake, kwa nguvu, hadi sindano ifike mwisho.

Benedeta tumemzika juzi.

Jua linazama. Namsikia Nangila chumbani, anatafuta hendeli.