Kidoti Chini ya Cherehani

"Huyu mtoto, ukimwita akiwa amekupa mgongo, huwa anageuka?"

Jirani yangu aliniuliza hivyo asubuhi moja, tukiwa bombani tunasubiri maji. Ni mama mtu mzima, anafanya usafi katika kituo cha afya. Yeye ndiye anayefungua milango ya kituo kila alfajiri. Funguo huzifunga kiunoni, na kila akipita zinalia. Ndiyo maana mtaa mzima tunamwita Mama Funguo.

Nilikasirika.

"Kwa nini asigeuke? Kwani mwanangu ana nini?"

"Sijasema ana nini. Nimeuliza tu."

"Basi anageuka."

Nikatwika ndoo yangu ikiwa nusu, nikaondoka. Nyuma nikamsikia akisema, "Haya, hata ndoo imenuna, imekataa kujaa."

Wanawake wakacheka. Mimi sikucheka.

Mimi ni fundi wa kushona nguo. Ni mjane. Nina watoto wawili wa kike. Mkubwa alikuwa na miaka sita, na siku hizo ndiyo kwanza alikuwa ameanza shule. Mdogo tunamwita Kidoti, kwa sababu ya alama ndogo nyeusi iliyo shavuni mwake. Baba yao alifariki Kidoti akiwa na miezi minane. Siku Mama Funguo aliponiuliza swali lile, Kidoti alikuwa na miaka miwili na nusu. Hakuwa amesema neno hata moja.

Kukaa alikaa kwa wakati wake. Kutambaa alitambaa. Siku aliyotembea, alipiga hatua nne kutoka kitandani hadi kwenye cherehani. Nikageuka upesi kusema, "Umemwona mwanao?" Nyuma yangu palikuwa na ukuta. Nililia siku ile, na Kidoti akanifuta machozi kwa kipande cha kitambaa, akidhani ni mchezo.

Lakini neno halikuja.

Nilipomweleza mama mkwe wangu, alinituliza. "Usihangaike, mwanangu. Hata baba yake alichelewa. Miaka mitatu kimya. Alipoanza kusema, hatukupata usingizi tena!"

Niliyashika maneno hayo kwa mikono miwili. Nitasema ukweli mbele ya Mungu: nilitaka sana yawe ya kweli. Kama mtoto alikuwa kimya kwa sababu ya baba yake, basi baba yake hakuwa ameondoka kabisa. Nilikuwa nikimtazama Kidoti anavyofunga midomo, najiambia, huyo ndiye yeye, amerudi kunyamaza nyumbani kwangu.

Nikangoja.

Siku za Jumamosi tulikuwa tukienda sokoni sote watatu. Mkubwa mkono wa kulia, Kidoti mgongoni. Sokoni mtoto wa mtu akiita "Mama!" utawaona kina mama kumi wanageuka. Mimi nilikuwa nageuka pia. Nilijua si wangu, maana wangu yuko mgongoni. Lakini shingo ilikuwa inageuka yenyewe.

Nyumbani dada mtu ndiye aliyekuwa mdomo wa mdogo wake. "Mama, anataka maji." "Mama, huyu ana usingizi." "Mama, amechukia, umempa kikombe kibaya." Hakukosea hata mara moja. Kwa hiyo sikuona shida. Mtoto ana msemaji wake, ataongea kwa nini?

Tena nilikuwa na ushahidi wangu. Nikiwa nashona, Kidoti hukaa chini ya meza ya cherehani. Huegemeza shavu kwenye mguu wa meza, anatulia kama mtu aliye kwenye sala. Nikisimamisha cherehani tu, huyo, ameinuka, anakuja kunivuta gauni. Kila mara. Sasa mtoto asiyesikia angejuaje kwamba cherehani imenyamaza?

Siku chache baada ya yale ya bombani, Mama Funguo alikuja kwangu mchana. Alileta sare yake ya kazi, imechanika kwapani.

"Bado umeninunia?" akauliza. "Nuna, lakini shona. Kununa hakuzibi kwapa."

Safari hii nilicheka. Nikamkaribisha kiti. Nikaona huu ndio wakati wa kumwonyesha.

"Juzi uliniuliza kama mtoto anasikia," nikasema. "Haya, tazama."

Kidoti alikuwa mahali pake chini ya meza. Nikashona mstari mmoja, nikasimamisha cherehani. Kidoti akainuka, akanivuta gauni.

"Umeona?"

Mama Funguo aliinama. Alimtazama mtoto, akautazama mguu wa meza.

"Mtoe hapo chini," akasema. "Muweke kule kwenye mkeka, karibu na mlango. Mpe kitu cha kuchezea. Akupe mgongo."

Nikafanya hivyo. Nilimpa vifungo ndani ya kopo. Nikarudi kwenye cherehani. Nikashona. Nikasimama.

Kidoti aliendelea kutoa vifungo, kimoja kimoja.

Nikashona tena, kwa nguvu. Nikasimama ghafla. Hakuinua kichwa.

Mama Funguo alifungua funguo zake kiunoni. Akanyata hadi nyuma ya mtoto, akazitikisa juu ya kisogo chake. Funguo kumi na tisa. Mimi nilizisikia mpaka kwenye meno. Kidoti akachagua kifungo chekundu, akakiangalia kwenye mwanga.

"Hasikii cherehani," Mama Funguo akasema taratibu. "Anaihisi. Meza ikitetemeka, shavu linajua. Ikitulia, shavu linajua pia. Mwanao ana akili sana, jirani. Amejifunza kusikia kwa shavu."

Nilikaa chini, sakafuni. Nilimwita. Nilimwita jina lake halisi, lile alilopewa na baba yake. Nilikumbuka mara zote nilizomwimbia gizani, taa imezimwa, asione hata mdomo wangu.

"Kesho asubuhi mlete kituoni," akasema Mama Funguo. "Mlango nitaufungua mimi mwenyewe. Na usione haya. Mficha uchi hazai."

Kesho yake tulikuwa wa kwanza. Muuguzi alikuwa msichana mwembamba, mwenye sauti ya upole. Alimpakata Kidoti, akamwangalia masikio kwa taa ndogo.

"Mama, aliwahi kuumwa masikio? Kutoka usaha?"

"Akiwa na miezi kumi alipata homa kali. Sikio likatoa maji. Nikaambiwa nitie mafuta ya uvuguvugu."

"Ukatia?"

Niliinamisha kichwa. "Nilitia."

"Wengi wanatia," akasema. Hakunigombeza. "Wanatia kwa sababu wanapenda watoto wao. Lakini kuanzia leo usitie mafuta, wala njiti, wala ncha ya kitambaa. Sikio likitoa maji au usaha, mlete hapa siku hiyo hiyo. Ugonjwa wa sikio hutibika ukiwahiwa. Ukiachwa, unaweza kula usikivu."

"Kwa hiyo ni mimi niliyemharibu?"

"Sijui, mama. Na wewe hujui. Pengine ni homa, pengine alizaliwa hivyo. Hilo litaonekana kwenye vipimo. Swali la leo ni nini tufanye."

Nikamwambia habari za baba yake, kwamba naye alichelewa kusema.

Muuguzi aliweka taa mezani.

"Watu watakwambia ngoja. Usingoje. Mtoto mchanga hushtuka mlango ukigongwa. Akifika miezi sita hutafuta sauti inatoka wapi. Akitimiza mwaka anabwabwaja, ba-ba, ma-ma, hata kama hajui maana. Usipoyaona hayo, mlete apimwe. Akiwa kama baba yake, utarudi nyumbani umetulia. Akiwa na shida, utakuwa umewahi. Vipimo hivi havimdhuru mtoto. Kungoja ndiko kunakodhuru, kwa sababu akili ya mtoto inajifunza lugha katika miaka hii ya mwanzo."

"Yeye amepoteza miaka miwili na nusu."

"Amebakiwa na mingi. Wewe anza leo. Ukisema naye, chuchumaa. Uso wako na wake ziwe sawa. Kaeni penye mwanga, akuone mdomo. Onyesha kwa mkono unachosema. Maji, onyesha maji. Na dada yake asimsemee kila kitu. Mngoje kidogo, naye aombe mwenyewe kwa namna yake."

Akatuandikia barua ya kwenda hospitali kubwa.

Kule walimpima kwa mashine. Kidoti hakuogopa. Alicheka alipovishwa waya kichwani, akataka na mimi nivae. Daktari akaniambia hasikii maneno ya kawaida. Husikia kidogo tu, tena kelele kubwa sana, kwa mbali. Aliandikishwa katika mpango wa hospitali. Tulingoja miezi mitano, akapata vifaa viwili vidogo vya kusaidia kusikia, kimoja kila sikio.

"Hivi si masikio mapya," daktari akanionya. "Vinakuza sauti tu. Lazima ajifunze sauti hizo ni za nini. Na mfundisheni lugha ya alama pia. Mtoto apewe milango yote, achague mwenyewe pa kupita."

Tukaanza darasa la lugha ya alama, mara mbili kwa wiki. Nilienda mimi, akaenda Kidoti, akaenda na dada mtu baada ya shule. Vidole vyangu vya sindano vilikuwa vizito. Kidoti alinishinda ndani ya siku tatu. Alikuwa akinishika mkono na kuunyoosha vizuri, kama mwalimu mkali.

Siku moja jioni, Kidoti amevaa vifaa vyake, nilikuwa nyuma yake, nikaita jina lake. Si kwa kelele. Akageuka.

Nikaita tena, ili niwe na hakika. Akageuka tena, amekunja uso, kana kwamba anauliza, nimekwishageuka, unataka nini? Nilipiga magoti nikamshukuru Mungu pale pale, kitambaa cha mteja kikiwa begani.

Neno "Mama" bado halijatimia. Anasema "mma", kisha mkono wake unamalizia kile ambacho mdomo haujaweza. Sokoni shingo yangu bado inageuka. Nadhani itageuka mpaka nizeeke.

Mama mkwe wangu hakufurahi. Watu walimpelekea maneno kwamba mjukuu wake anavalishwa vitu masikioni, na kwamba mama yake anampungia mikono barabarani. Akatuma ujumbe kwamba anakuja. Mchana mmoja akaingia na mfuko mkubwa mtupu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nimekuja kumchukua mjukuu wangu. Nipe nguo zake nipange."

"Mama, karibu kwanza ukae."

"Nitakaa nini? Mtoto wa mwanangu unamfanya kichekesho cha mtaa! Nilikwambia atasema. Baba yake alisema. Akae na mimi, nitaongea naye asubuhi na jioni mpaka aseme."

"Anasoma, Mama. Akiondoka sasa, atarudi nyuma."

"Wewe una wawili. Mimi nilikuwa na mmoja." Akaufungua mfuko. "Huyu ndiye aliyebaki wa kunikumbusha mwanangu. Nipe."

Mume wangu alikuwa mwanawe kabla hajawa wangu.

Hapo Kidoti akaingia kutoka kuoga, amejifunga taulo, masikio matupu. Vifaa vyake huvuliwa visilowe. Bibi yake akamwita. Hakugeuka.

"Si unaona?" akaniambia. "Si unaona mwenyewe?"

"Inama, Mama. Akuone uso."

Alisita. Kisha aliinama, taratibu, kwa magoti yake mabovu. Kidoti akamwona. Bibi hakuweza kujizuia, akatabasamu.

Kidoti alimtazama mdomoni kwa muda mrefu. Akaweka ncha ya kidole chake katikati ya meno yake ya mbele. Akamnyooshea bibi kidole. Akakirudisha tena kwenye meno.

"Anataka nini? Ana njaa?"

"Hana njaa, Mama. Anasema baba."

"Baba yupi?"

"Darasani kila mtu hupewa alama yake, ndiyo jina lake. Mwalimu aliniuliza baba yao alikuwaje. Nikasema alikuwa na mwanya. Kwa hiyo baba ni hivyo, kidole kwenye mwanya. Yeye anamjua kwa picha tu. Leo ameona mwanya wake kwako. Anakwambia, huyu hapa baba."

Mama mkwe alijifunika mdomo kwa kiganja. Kisha alikiondoa, akamwachia mtoto atazame. Kidoti akasogea, akaugusa mwanya ule kwa kidole chake, akacheka kwa sauti.

Bibi naye akainua mkono. Akakiweka kwenye meno yake mwenyewe, kama alivyoonyeshwa.

Kidoti akatikisa kichwa kukubali.

Mama mkwe wangu alisimama, akajitanda mtandio. Akaacha ule mfuko mtupu juu ya kiti, akatoka bila kuuliza tena nguo za mtoto.