Marehemu Asiyekohoa

Kilichomshtua kwanza mama mshonaji ni kwamba marehemu mumewe hakukohoa. Alipokuwa hai, hakuwa akimaliza maneno mawili kabla ya kikohozi cha sigara kumkaba. Sasa sauti yake ilitoka laini ndani ya kisanduku cha akili mnemba, na kila iliposema, chumba cha kushonea kilinuka nywele zilizoungua.

Binti yake ndiye aliyekileta, akakilisha picha na sauti zote za baba ili kiwatunzie kumbukumbu. Siku hiyo kikasimulia jinsi kifungua mimba wao alivyougua, na baba akambeba mgongoni hadi hospitali, huku akilia njia nzima.

Mama aliacha kukanyaga cherehani. Baba huyohuyo ndiye aliyefunga mlango siku ile, akatia ufunguo mfukoni, akasema homa itashuka yenyewe. Mtoto alimfia mama mapajani.

Alipomweleza binti, binti akamtazama kwa huruma, akasema majonzi huwachanganya watu. Basi mama akamwita mdogo wake, aliyeugonga mlango ule kwa nje mpaka ngumi zikavimba. Mdogo mtu akakaa karibu na kisanduku, kikamnong'oneza, macho yakamlegea.

"Dada," akasema taratibu, "shemeji alimbeba mgongoni. Nilimwona."

Alasiri hiyohiyo mama akamleta mganga, naye akafunga madirisha, akasoma na kusoma, na harufu ikazidi, na cherehani ikaanza kushona peke yake bila mguu wala kitambaa, sindano ikipanda na kushuka, mpaka jini lililojificha kisandukuni likalazimika kujibu.

"Sikuiba kumbukumbu. Wameniletea wenyewe, nami nikawatengenezea."

"Mwanangu hakuharibika hata umtengeneze," mama alisema. "Aliuawa, na muuaji namjua."

Akanyanyua pasi ya chuma, akakiponda kisanduku mpaka kikawa vumbi. Cherehani ikanyamaza. Mganga akapumua, akasema limetoka.

Mama akamgeukia mdogo wake. "Sasa niambie. Ule mlango, uliugonga au hukuugonga?"

Mdogo mtu akafikiri sana, machozi yakimlengalenga.

"Mlango gani, dada?"

Mama akafumba macho ili auone mwenyewe, amsimulie. Akaona barabara ya hospitali, na mumewe akikimbia, mtoto mgongoni, akilia. Hakuona kitu kingine. Akasaga meno, akamlaani mwanamume yule hivyohivyo.