Mdomo wa Marehemu

Mstari mmoja ulizidi. Mchoraji aliuona mchana kweupe, karatasi ya kwanza ikiwa bado mbichi kwa wino, naye alijua vyema alichoandika na asichoandika.

Kazi yake ilikuwa kuchora sura kwa maandishi. Huchukua barua za mtu, akazinakili kwa sindano juu ya bamba la shaba, kinyumenyume, mpaka maneno yawe nywele, mashavu na macho. Asidi ikaila shaba sindano ilipopita, wino ukafanya yaliyobaki. Safari hii alimchora marehemu mama yake. Barua za mama zikamwishia alipofika mdomoni. Mwenye akili zake angeacha pengo. Yeye, kwa uchu wa kumaliza, aliiga mwandiko wa mama akatunga yake: "Mwanangu, nipo. Niite tu."

Sasa chini yake palisomeka: "Nimeitika. Niletee mjukuu."

"Wewe nawe, asidi imekupanda kichwani," mumewe alimtania. Lakini alinong'ona, kisha akambeba haraka binti yao wa miaka minne akamtoa chumbani.

Nakala ya pili ilikuwa na mistari mitatu ya ziada, ya tatu ikawa na saba, na chumba kikaanza kunuka udongo wa kaburi uliolowa, na sindano, iliyolala mezani mbele ya macho yake, ikasikika ikikwaruza shaba, kwaru, kwaru, bila haraka yoyote, na kila mstari ulimtaka mtoto.

Mganga waliyemwita alilitazama bamba mara moja, akalifunika. "Binti yangu, huyu si mama yako. Umemtungia marehemu maneno, na asiyeitwa kauazima mdomo. Liyeyushe lote. Lote, unanisikia?"

"Nimesikia, mzee."

Alisikia, ila sikio la kufa halisikii dawa. Angeuyeyushaje uso wa mama, aliouona kwa mara ya kwanza tangu wamzike? Akachukua kisu cha kukwangulia, akaukwangua mdomo peke yake mpaka shaba ikawa laini. Harufu ikakatika. Alilia kwa faraja.

Katika chumba cha pili, mtoto alikuwa akicheza sakafuni, amempa kisogo.

"Njoo ule, mama," alimwita.

Mtoto aligeuka taratibu. Midomo yake ilikuwa imechubuka yote, inavuja damu.

"Mwanangu," alisema, kwa sauti nzito ya mtu mzima, "mbona umenikwangua?"