Sumaku Chini ya Bahasha

Kila siku akitoka shuleni, Bisibisi alivua sare, akala, akaosha sahani yake, kisha akaosha mikono mpaka kwenye viwiko kama daktari anayekwenda kumpasua mtu. Hapo ndipo alipovuka ua na kugonga mlango wa chumba cha kazi cha shangazi yake. Shuleni alikuwa na jina jingine. Lakini alipokuwa na miaka sita aliifungua saa ya ukutani, akaifunga tena, na skrubu mbili zikabaki mkononi. Tangu siku hiyo nyumba nzima ikamwita Bisibisi. Saa yenyewe inatembea mpaka leo, na skrubu zile mbili hakuna ajuaye zilikuwa za nini.

Shangazi alikuwa mpiga chapa wa ofisi kwa miaka mingi. Ofisi zilipoanza kutupa kompyuta zao za zamani, zile zenye chogo kubwa nyuma ya skrini, yeye alizibeba moja moja mpaka nyumbani. Watu walimcheka. Alizifungua, akazifuta vumbi, akazibadilishia nyaya, nazo zikawaka. Kila moja aliipa jina na kulibandika kwa karatasi. Kulikuwa na Mbishi, ambaye hawaki mpaka apigwe kofi la ubavuni, na Bi Mkimya, asiyetoa sauti hata akiwa kazini. Wa thamani kuliko wote alikuwa Mzee Ngurumo. Huyo alinguruma kila alipomezeshwa disketi, lakini ndiye peke yake, mtaa mzima, aliyejua kuzisoma.

Mlangoni palikuwa na onyo lililoandikwa kwa kalamu nyekundu: SUMAKU HAIINGII HUMU.

"Disketi ni kitu cha plastiki tu ukiiangalia," Shangazi alikuwa amemweleza, "lakini maandishi yaliyomo ndani yanakaa kwa nguvu ya sumaku. Sumaku nyingine ikisogea, yanavurugika yote. Na hakuna fundi wa kuyarudisha."

"Nimesikia, Shangazi," alisema Bisibisi, na kweli alikuwa amesikia.

Jumatatu moja alifika mkunga mstaafu, bibi mwembamba mwenye mkoba uliofungwa kwa pini. Ndani ya mkoba mlikuwa na bahasha, na ndani ya bahasha disketi moja nyeusi.

"Shikamoo, bibi," alisalimia Bisibisi.

"Marahaba, mjukuu wangu." Bibi aliketi, akaishika bahasha kwa mikono miwili. "Zahanati yetu ilipopata kompyuta, niliandika humo kila mtoto niliyempokea, hata wale wa zamani waliokuwa daftarini. Siku, saa, uzito, na neno moja au mawili juu yake. Watoto mia tisa na zaidi. Daftari la karatasi lililowa mvua likaoza. Sasa na mimi kichwa kimeanza kunitoka. Jana nimesahau jina la jirani yangu. Nataka kuwasoma watoto wangu kabla sijawasahau wote."

Mama yake Bisibisi alikuwa ameingia na chai. Aliweka kikombe mbele ya mgeni, akatabasamu.

"Hata mimi ni wako, mama. Ulinipokea wewe pale zahanati."

Bibi alimtazama kwa muda mrefu, akatikisa kichwa polepole. "Nisamehe, mwanangu. Sikukumbuki."

"Usijali. Mimi mwenyewe sijui nilizaliwa saa ngapi. Marehemu mama aliniambia tu kwamba mvua ilikuwa inanyesha."

"Basi umo humu," alisema bibi, akaigonga bahasha kwa kidole. "Ninayo disketi nyingine nyumbani, sawasawa na hii. Kazini tulikuwa tunaandika kila kitu mara mbili."

Shangazi alimwambia arudi Jumamosi. Alitaka kwanza kumsafisha Mzee Ngurumo kichwa cha kusomea, kile kinachogusa disketi, kwa pamba na spiriti. Bahasha aliiweka kwenye droo ya meza.

Alhamisi Shangazi alitoka kununua hiyo spiriti, na Bisibisi akabaki peke yake akifungua redio mbovu. Skrubu ndogo kuliko punje ya mchele ikamponyoka, ikaviringika chini ya kabati. Alipapasa kwa rula, akapapasa kwa waya, wapi! Hapo akakumbuka spika kuukuu iliyokuwa uani, na sumaku yake nzito ya duara. "Mara moja tu," alijiambia, "dakika moja, naitoa." Akaileta, akaifunga kamba, akaisukuma chini ya kabati. Ilirudi na skrubu aliyoitaka na nyingine saba zilizopotea zamani. Bisibisi alifurahi mno, mpaka karibu apige vigelegele.

Mara lango likalia. Hatua za Shangazi hizo! Bisibisi alifungua droo iliyokuwa karibu, akatumbukiza sumaku, akaifunika kwa kitu cha kwanza alichokishika. Hakutazama ni kitu gani.

Aliikumbuka sumaku kesho yake, katikati ya somo la hesabu. Alipofika nyumbani hata sare hakuvua. Alifungua droo. Sumaku ilikuwa pale ilipoachwa, na bahasha ya bibi mkunga ilikuwa imelala juu yake. Aliitoa sumaku, akairudisha uani, akaosha mikono ingawa haikuwa na uchafu. Labda haikudhurika, alijiambia. Labda bahasha ni nene.

Jumamosi bibi mkunga alifika mapema, amevaa gauni lake zuri. Shangazi aliiingiza disketi. Mzee Ngurumo alinguruma, akakwaruza, akanguruma tena, kisha skrini ikaandika kwamba disketi haisomeki. Shangazi aliitoa, akaifuta, akairudisha. Akajaribu mara tano. Bisibisi alisimama nyuma ya kiti.

"Mashine imeiharibu," alisema Shangazi mwishowe, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Imezeeka. Nisamehe sana, dada yangu. Nilijisifu bure."

"Nitakuletea ile nyingine."

"Hapana! Mashine iliyokula moja itakula na ya pili. Hiyo itunze. Siwezi kukuharibia na hiyo."

Bibi hakulaumu. Alifunga mkoba wake kwa pini, akaaga, akaondoka taratibu. Bisibisi alimwangalia mpaka alipopotea kwenye kona, akatamani ardhi ipasuke immeze.

Jumatatu shuleni alimweleza rafiki yake, aliyeitwa Kipaza kwa sababu hata akinong'ona husikika darasa la jirani. Safari hii Kipaza alijitahidi kuteremsha sauti.

"Nyamaza zako. Ameshasema ni mashine. Mashine itakushtaki?"

"Lakini Shangazi atamtupa Mzee Ngurumo."

"Si imekufa?"

"Hajafa! Ni mzima kabisa. Mimi ndiye najua, na ni mimi peke yangu."

Kipaza alikuna kichwa. "Basi hapo umepatikana," alisema.

Bisibisi alipofika nyumbani alikuta mkokoteni getini. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa ameegemea ukuta akijipepea kwa kofia. Ndani, Shangazi alikuwa amemfungua Mzee Ngurumo mzimamzima. Vipande vilikuwa vimepangwa juu ya kitambaa, na Shangazi alikuwa ameinamia kichwa cha kusomea na kioo cha kukuzia, macho mekundu.

"Nimetafuta tangu asubuhi," alisema bila kuinua uso. "Sioni ubovu. Kila kitu kizima, lakini disketi imeharibika. Siwezi kuiamini tena mashine nisiyojua ugonjwa wake. Mwite huyo kijana aje abebe."

Bisibisi hakusogea. Alijua kwamba akienda kumwita yule kijana, Mzee Ngurumo atapondwapondwa, na disketi ya pili itakaa mkobani mpaka bibi asahau hata kuwa anayo. Na saa ya kuzaliwa ya mama yake hataijua mtu. Alipiga moyo konde.

"Shangazi, usimpe. Mzee Ngurumo haumwi. Ni mimi."

Akaeleza yote bila kuruka kitu: skrubu, spika, kamba, droo. Alipofika kwenye bahasha machozi yalimshinda, lakini akaendelea kusema huku analia.

Shangazi aliweka kioo chini. Uso wake ulibadilika, na Bisibisi akajua leo ataona cha mtema kuni. Yule kijana wa mkokoteni akachungulia mlangoni.

"Mama, vipi, nabeba au mmeshapatana?"

"Nenda, baba. Leo hakuna chuma hapa." Shangazi akamgeukia Bisibisi. "Sumaku ilikaa muda gani?"

"Tangu Alhamisi jioni mpaka Ijumaa saa tisa."

"Juu ya bahasha au chini?"

"Chini. Bahasha ilikuwa juu yake."

"Kulikuwa na disketi nyingine humo drooni?"

"Hapana, Shangazi. Hiyo tu."

Shangazi aliguna. "Lete bisibisi. Tumfunge mgonjwa wetu asiyeumwa."

Wakaanza kazi. Kipande baada ya kipande kilirudi mahali pake, na safari hii hakuna skrubu iliyobaki. Shangazi alichukua disketi ya zamani yenye barua za ofisi zisizo na maana tena, akaiingiza. Mzee Ngurumo alinguruma. Skrini ikajaa maneno. Akaingiza ya pili, ya tatu, zote zikasomeka.

"Alikuwa mzima siku zote," alisema Shangazi. "Nami nimemlaza mezani kutwa nzima." Akapumua. "Sasa mimi umeniambia. Lakini disketi haikuwa yangu."

Bisibisi alielewa. Alitembea peke yake mpaka kwa bibi mkunga, na njia aliyoizoea kuwa fupi siku hiyo ilikuwa ndefu. Bibi alikuwa kibarazani akichambua mchele. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Nimekasirika," alisema bibi. "Sitakuficha. Siku mbili hizi nimelala nikihesabu watoto ninaowakumbuka, na sikufika hamsini." Alisukuma ungo pembeni, akainuka. "Lakini umekuja mwenyewe kwa miguu yako. Ngoja nichukue mkoba."

Walipoingia kwenye chumba cha kazi, Mama naye alikuwa amefika, mikono imeunganishwa kifuani. Shangazi aliishika disketi ya pili kwa ncha za vidole. Akaitazama mashine, akamtazama Bisibisi.

"Hiyo ndiyo ya mwisho. Una uhakika umeniambia yote?"

"Yote, Shangazi. Hakuna lililobaki."

Ikaingia. Mzee Ngurumo alinguruma, akanyamaza, akanguruma. Kisha majina yakaanza kupanda kwenye skrini, mstari baada ya mstari, na bibi mkunga akashika mdomo.

Kabla ya kumruhusu mtu yeyote asome, Shangazi alitoa nakala tatu kwenye disketi nyingine, akawasha printa ya zamani. Printa ilipiga kelele kama kuku aliyekanyagwa, na karatasi ndefu ikaanza kushuka mpaka sakafuni. Bibi alivaa miwani, akasoma kwa sauti. "Mvulana, kilo tatu, ametanguliza miguu, ana haraka." "Pacha wa pili, alitushtukiza." Alicheka, akafuta machozi, akaendelea. Wengi aliwakumbuka mara tu alipoona neno aliloandika.

Kisha akasimama kwenye mstari mmoja, akamwangalia Mama.

"Jina la mama yako?"

Mama akalitaja.

"Wewe huyu hapa. Saa kumi na moja na robo alfajiri. Mvua kubwa. Msichana, kilo mbili na nusu. Mdogo, lakini kelele zake zimeishinda mvua."

"Ah, wifi!" Shangazi aliangua kicheko. "Na ndiye anayetukataza kelele humu ndani!"

Mama alicheka na kulia kwa pamoja. Alimwomba bibi arudie kusoma saa, naye akarudia. Bisibisi alijibanza ukutani. Alikuwa amefuta mstari huo mara moja kwa mkono wake mwenyewe, na nusura aufute mara ya pili kwa mdomo uliofungwa.

Shangazi alimwona. Akamvuta karibu, akamketisha kwenye kiti chake mwenyewe mbele ya Mzee Ngurumo.

"Sikiliza, mwanangu. Sumaku uliileta kwa kosa, na kosa hilo utalilipa: kila disketi ya humu ndani utainakili wewe mpaka ziishe. Kuharibu kitu, hata mimi nimeharibu vingi. Lakini ulipoficha, mimi nilianza kutibu kisichoumwa. Nilikuwa navunja kizima kwa sababu kibovu kilikuwa kimefichwa na mtu ninayempenda. Ukikosea humu chumbani au popote, sema siku ileile. Ukweli ukiwa mezani, fundi anajua aanzie wapi."

"Hata kwetu zahanati," alisema bibi mkunga. "Mama mjamzito akinificha kwamba ameanguka, nami nitampa dawa ya homa."

"Nitasema, Shangazi," alisema Bisibisi. "Basi na hili niliseme leoleo. Ile skrubu niliyokuwa naitafuta chini ya kabati, niliipata. Lakini sijui sasa iko wapi."

Shangazi alimtazama, akajaribu kukunja uso, ikashindikana. Wote wanne wakapiga magoti sakafuni, bibi mkunga akiwa wa kwanza, wakaitafuta kwa mikono mitupu.