Mwanzi wa Chumba cha Tatu

Ilianza harufu. Jumba la sanaa la mji wetu lilikuwa jipya, kuta nyeupe pe, rangi bado inanukia, lakini kwenye chumba cha tatu, pale Shizue alipokaa kuwachunga wageni wasiguse vitu, palinuka tope la kisima. Wakapiga deki, wakapuliza manukato, wapi!

Kisha ikaja sauti. Mtu anavuta pumzi. Anavuta, anavuta, hatoi. Wageni walidhani ni maonyesho. Sanaa ya siku hizi nayo, hata kukoroma huwekewa taa. Wakapiga picha sakafu, wakaenda zao.

Jioni Shizue alimsimulia mumewe, Kunihiko, aliyesimamia ujenzi wa jumba lile. Kunihiko akaweka chini vijiti vya kulia.

"Upande gani wa chumba?"

"Kona ya dirishani. Baba Chinatsu, mbona umepauka hivyo?"

"Hapo palikuwa na kisima," alinong'ona. "Tulikifukia."

"Si mliacha mwanzi?"

Kunihiko akasukuma bakuli lake kando.

Sisi tangu zamani tukifukia kisima hatukizibi kabisa. Tunasimamisha mwanzi uliotobolewa vifundo, toka chini mpaka juu, mwenye kisima, yule mzimu akaaye mle, apate pa kupumulia. Kunihiko aliuweka, na kuhani akaja na chumvi na pombe ya mchele. Lakini msanifu wa jengo alipoona mwanzi umechomoza kwenye sakafu yake nyororo, akasema unamharibia chumba. Siku ya ufunguzi ilikuwa inabisha hodi. Kunihiko akaukata, akamwaga zege juu yake.

"Mwanamume wewe!" Shizue alisema, machozi yakimlenga. "Na mtoto wangu anashinda palepale!"

Kweli. Binti yao wa pekee, Chinatsu, akitoka shule alimngojea mama yake kwenye kona ileile, amelala kifudifudi anachora, kwa sababu sakafu ilikuwa ya baridi. Wiki ile alikuwa ameanza kubanwa kifua. Daktari hakuona kitu. Mtoto alivuta pumzi, akavuta, midomo ikawa ya bluu, na Shizue alipomwinamia aliitambua sauti ile.

Mkurugenzi wa jumba alikataa sakafu iguswe, mpaka mgeni mmoja alipozimia ameshika koo. Jumatatu, jumba limefungwa na mvua inanyesha, Kunihiko akaingia na keekee. Alikuja na kuhani Ushijima, mzee aliyebariki kiwanja. Chinatsu naye alikuwepo, pamoja na mama yake. Wangemwacha na nani, anavyobanwa vile?

Zege likatoboka. Wakashindilia mwanzi mpya. Kuhani akapiga magoti, akatega sikio.

"Anapumua?" Kunihiko aliuliza kwa hofu.

"Hamna mtu humu."

"Amekwenda zake?"

"Mlimkaba siku nyingi mno. Ametafuta tundu lililokuwa karibu."

Ndipo nyuma yao pumzi ikatoka, pumzi ndefu yenye unyevu, ikatoka na harufu ya tope na majani yaliyooza, ikatoka bila kukoma hadi vioo vya madirisha vikafanya ukungu na Shizue akageuka polepole, maana moyo ulikuwa umeshamwambia, akamwona Chinatsu amekaa kwenye kiti cha ulinzi cha mama yake, kinywa wazi, mashavu yamerudiwa na damu.

"Mama," mtoto alitabasamu, "kifua kimefunguka."

Kunihiko alianguka miguuni pa kuhani. "Mtoe, mzee wangu! Nakuomba, mtoe!"

Kuhani alikuwa anakusanya chumvi yake. "Nimtoe nimpeleke wapi? Kisimani harudi, mlishamzika mle. Na nikimziba hapa alipo, mtoto atapumulia wapi?"

Chinatsu anasoma vizuri, anakimbia na wenzake. Lakini akishikwa na mafua, pua zikiziba, Shizue hukaa kando yake akimshika kidevu asifumbe mdomo, akinusa tope, akiomba asikabwe tena, na hajui tena anamwombea nani.