Boga la Kibabi na Maua Yasiyozaa

Nyuma ya nyumba ya Faustin, kule Muheto, palikuwa na bustani ndogo. Ilikuwa ndogo kweli. Mbuzi angefungwa katikati, angekula pembe zote bila kukata kamba. Mashamba makubwa ya familia yalikuwa ng'ambo ya kilima, lakini mboga ya jioni ilitoka hapa, karibu na jiko. Drocella, mke wa Faustin, aliipalilia kila asubuhi kabla ya kwenda kuteka maji.

Mwaka 1954, mvua za Septemba zilipoanza, mume na mke walibishana juu ya bustani hiyo. Faustin alitaka kupanda vitu vya kila mtu: maharage mafupi na maboga ya njano. Drocella alikuwa na mawazo mengine. Alikuwa ametoka Kibabi, kwenye matanga ya mama yake, na alirudi na vifurushi viwili vya majani makavu ya mgomba. Kimoja kilikuwa na maharage meusi yenye madoa. Kingine kilikuwa na mbegu chache za boga.

"Boga gani?" Faustin aliuliza.

"Ile ya mama. Ngozi yake iko ya kijivu, inajikunja sawa uso ya muzee."

"Ah, ile. Siku ya kwanza niliizania iko jiwe."

"Jiwe ile tulikuwa tunaikula wakati ya njaa," Drocella alijibu. "Boga ya njano inaoza mbio. Ya mama inakaa juu ya jiko mupaka mvua ingine."

"Basi panda zote. Tunabishana juu ya nini?"

"Nafasi iko kidogo. Lazima tuchague."

Faustin alitikisa kichwa. Alipenda methali, hasa zile zinazomaliza mabishano. "Mchagua jembe si mkulima," alisema.

"Jembe njo haichagulike," Drocella akasema. "Mbegu inachagulika."

Faustin alikubali, lakini kwa msimu mmoja tu. Boga lisipozaa, mwaka ujao angepanda anavyotaka yeye.

Drocella alifurahi, lakini moyoni aliogopa. Mama yake alipougua, mbuzi waliingia katika bustani yake, na panya walikula mbegu zilizotundikwa jikoni. Pale Kibabi hakuna jirani aliyekuwa na boga lile. Mbegu hizi chache zilikuwa za mwisho, na zikipotea, hangeweza kuzipata tena popote.

Walipanda. Maharage meusi yalikuwa ya kupanda juu ya miti, si ya kulala chini, na Faustin hakuwahi kuyalima. Aliweka vijiti vifupi, vya urefu wa mkono. Jirani yao, Mama Colette, alivicheka kutoka upande wa pili wa ua. Mama Colette alikuwa mjane. Zamani alifanya kazi miaka mingi katika bustani ya masista wa misioni, na hakuna jani alilolipita bila kulitazama.

"Papa Faustin, hiyo miti iko ya maharagi ao ya kusugulia meno?"

"Unataka niweke ya namna gani?"

"Mirefu kupita weye. Haya maharagi inapenda kwenda juu. Usipoipatia njia, itarudi chini na itaoza."

Faustin alinung'unika, lakini alikata miti mirefu. Mvua za Novemba zilikuja kali. Maharage mafupi ya majirani yalilala kwenye matope na maganda yake yakaoza. Yale meusi yalisimama juu, upepo ukiyakausha, na yakaendelea kutoa maua huku maganda ya chini yakiwa tayari kwa chungu. Faustin alianza kwenda bustanini kila asubuhi kabla ya uji. Alizunguka ile miti, akiinua majani na kutazama chini yake.

"Kumbe shamba kidogo inaweza kukuwa kwenda juu," alimwambia mkewe. Sasa alikuwa anaipenda bustani kuliko mwenyewe aliyechagua mbegu.

Na hapo ndipo alipokosea. Mapenzi mapya hayana breki.

Karibu mbegu zote za boga zilikuwa zimeoza katika udongo wenye maji. Mche mmoja tu ulikua vizuri. Ulitambaa mpaka kwenye ua na kutoa maua mengi ya njano. Jumapili moja, katekista Hakorimana alifundisha habari ya mti usiozaa, unaokatwa ili usichoshe udongo bure. Faustin alisikiliza vizuri sana. Aliporudi nyumbani alichunguza maua ya boga. Machache yalikuwa na kiboga kidogo chini ya ua. Mengi yalikuwa na kikonyo kirefu tu, bila kitu.

"Haya haizale," alisema. "Inakula nguvu ya mama yao bure."

Akayakata yote. Kesho yake yalitoka mengine, akayakata pia. Drocella aliyapika pamoja na majani, na watoto wakala wakashukuru.

Lakini viboga vidogo havikukua. Kila kimoja kiligeuka njano, kikalainika, kikaanguka. Drocella alikiokota cha mwisho akakishika mkononi, na machozi yakamtoka. Faustin alikwenda mwenyewe kumwita Mama Colette.

Mama Colette alitazama mche. Akatazama vikonyo vilivyokatwa kwa panga, bila maua. Akaelewa.

"Papa Faustin," alisema polepole, "weye ulizala batoto ngapi?"

"Batoto ine."

"Kwa tumbo yako?"

"Hapana. Drocella njo alizala."

"Basi, na weye tukukate?"

Drocella alikuwa na huzuni, lakini alicheka mpaka akakaa chini. Faustin alitazama panga lake kama vile lilikuwa la mtu mwingine.

Mama Colette aliwaonyesha ua moja lililosahauliwa chini ya majani. "Hii ya kikonyo kirefu iko baba. Tazama ndani. Huu unga ya njano, nyuki anaibeba kwa miguu. Hii ingine yenye kiboga iko mama. Mama anafungua mulango asubuhi moja tu. Unga usipofika ile asubuhi, kiboga kinaanguka."

"Na mimi nilikata baba—" Faustin aliacha neno katikati. "Nilikata maua baba yote," alimaliza kwa aibu.

"Boga itatoa maua ingine, iko ingali na nguvu," Mama Colette alisema. "Lakini kuna neno ingine. Nyuki hachagui nyumba. Anatoka kwa boga yangu ya njano, anaingia kwa yako. Kiboga kitakomaa, na sura yake itakuwa ya mama yake. Hautaona kitu. Mwaka ujao ukipanda mbegu yake, njo utaona: moja ya kijivu, ingine ya njano, ingine haifanane na muntu."

Drocella alishtuka. "Na maharagi? Nayo itachanganyika?"

"Maharagi haina shida sana. Ua yake inajifunga na kuoana mule ndani, mbele ya nyuki kufika. Mara nyingi inazala sawa mama yake. Chagua tu maganda ya miti yenye afya, uache ikauke pale juu. Boga njo inataka kulindwa."

Walingoja. Siku hizo Faustin hakugusa panga. Jioni moja, Drocella aliona ua la kike lenye ncha ya njano, na karibu yake ua la kiume lenye ncha kama hiyo. Yote mawili yangefunguka kesho. Walimwita Mama Colette, akafunga ncha zake taratibu kwa uzi wa mgomba, ili nyuki asiingie.

Asubuhi ukungu ulikuwa bado umelala juu ya Muheto. Mama Colette alimpa Faustin ua la kiume. "Weye njo ulikata," alisema. "Weye njo utaoanisha."

Faustin alitoa majani ya ua, ukabaki unga tu. Drocella alifungua ua la kike. Kwa vidole vilivyozoea jembe, Faustin alipakaza unga ndani, pande zote, kisha Drocella akalifunga tena na kuweka alama ya uzi kwenye kikonyo.

Kile kiboga hakikuanguka. Kilikua, kikawa kijivu, kikajikunja. Drocella alingoja kikonyo kikauke na ngozi iwe ngumu, isiyoingia ukucha. Kisha aliliweka boga juu ya jiko, mahali pakavu. Chini yake watoto walikula maharage meusi, miezi ikapita.

Oktoba ya mwaka uliofuata, maharage mapya yalipokuwa bado majani, njaa ikaanza kupita nyumba hadi nyumba. Drocella alilishusha boga. Lilikuwa zima. Ndani lilikuwa jekundu kama jua la asubuhi, na lilikuwa tamu vilevile kama nyumbani kwao. Aliosha mbegu, akazikausha kivulini, akatupa zile nyembamba zisizo na kitu ndani. Kisha akazigawa mafungu. Moja la Mama Colette. Moja la dada yake Faustin, Rosalie, aliyeolewa Nyamitaba. Moja la watu wa Kibabi.

Faustin alishangaa. "Tuliteseka hivi juu ya hii mbegu, na unaigawa?"

"Mama yangu alikuwa anaificha," Drocella alijibu. "Alikuwa anasema, nikipatia bantu, haitakuwa tena yangu. Njo maana ilibaki kidogo ife naye." Aliwaeleza wote jinsi ya kufunga maua kwa uzi, akawafanya warudie maneno yake.

Fungu lililobaki alilipanda lote. Wiki chache baadaye ng'ombe walivunja ua usiku, wakala bustani yote, boga na maharage, wakabakisha alama za kwato tu kwenye matope. Faustin aliketi mlangoni, kichwa mikononi.

Drocella alifunga kitambaa kichwani akaenda Nyamitaba. Rosalie alikuwa amepanda nusu ya mbegu zake tu. Aliingia ndani, akatoka na kifurushi, akakifungua kwenye kiganja cha wifi yake.

"Kamata," alisema. "Hii iko mbegu ya mama yako."